Nyumba usiyolala ndani: vitabu vinne vya mtu aliyerudi kwao, na kipi ubebe safarini

Shoga yangu mmoja alikuwa anakwenda Songea kwenye arobaini ya baba yake mkubwa. Miaka 11 alikuwa hajakanyaga kwao. Usiku wa kuamkia safari akanipigia: "Nitafutie hadithi ya mtu aliyerudi kwao akakuta siri ya ukoo. Iwe na mauaji au isiwe nayo, shauri yako, ila isinilaze. Basi linaondoka alfajiri, nitakaa kitini kutwa nzima."

Nikamuuliza anataka siri ya aina gani. Akacheka. "Kwani siri zina aina?"

Zina, na ukikosea aina utakifunga kitabu Mikumi kabla hata hujaiona Iringa. Kuna siri ya kujua nani kaua, na kuna siri ya kujua kwa nini watu walinyamaza. Msomaji wa siri ya kwanza anataka jina. Wa pili anaweza kuwa na jina tangu ukurasa wa kumi na bado asilale. Basi nikavitoa vitabu vinne kwenye rafu, nikavitandaza kitandani, nikampigia picha. Vyote vinne nimevisoma, viwili mara mbili, na vyote viko kwa Kiingereza. Hapa sitakwambia nani kafanya nini. Mtu akikutobolea siri ya kitabu cha namna hii kakuibia.

Niviseme kwanza kwa ufupi.

The Dry cha Jane Harper kilitoka 2016. Aaron Falk ni mpelelezi wa makosa ya fedha, askari wa serikali kuu ya Australia aliyeko Melbourne. Anarudi Kiewarra, mji mdogo wa kubuni wa wakulima na wafugaji katika jimbo la Victoria, kumzika rafiki yake wa utotoni, Luke Hadler. Mji unasema Luke kamuua mkewe na mwanawe wa kiume, kisha akajimaliza mwenyewe. Mtoto mchanga tu ndiye aliyeachwa hai. Baba yake Luke hasadiki. Zaidi ya hayo, Falk mwenyewe aliondoka hapo na baba yake miaka 20 nyuma, wamefukuzwa kwa macho na maneno, baada ya msichana aliyekuwa rafiki yake na Luke kukutwa mtoni amekufa na kikaratasi chenye jina la Falk kupatikana.

Sharp Objects cha Gillian Flynn ni cha 2006. Camille Preaker ni mwandishi wa habari wa Chicago. Mhariri wake anamtuma kwao, Wind Gap, mji wa watu kama elfu mbili huko kusini mwa Missouri, akaandike habari za watoto wa kike: mmoja kauawa, mwingine haonekani. Kwao kuna mama, baba wa kambo, na mdogo wake wa kike, mama mmoja baba mbalimbali, wa miaka 13, ambaye Camille hamjui vizuri.

Dust cha Yvonne Adhiambo Owuor ni cha 2014. Ajany Oganda, msanii aliyekuwa Brazil, anarudi Kenya kwa sababu kaka yake Odidi kapigwa risasi barabarani Nairobi, katika siku zile za vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007. Baba anaisafirisha maiti mpaka nyumbani kwao kaskazini, kwenye nchi kame. Papo hapo anatokea Mwingereza, Isaiah Bolton, anamtafuta baba yake aliyepotelea Kenya miaka mingi nyuma.

Gravel Heart cha Abdulrazak Gurnah kilitoka 2017, miaka minne kabla hajapewa Nobeli ya fasihi. Salim, mtoto wa Zanzibar, ana miaka saba baba yake anapohama nyumbani na kwenda kuishi kwenye chumba nyuma ya duka, mtaa wa pili tu. Hakuna anayemwambia sababu. Anachukuliwa na mjomba wake kwenda London kusoma, anazeekea huko kidogo kidogo, na mama anapofariki anarudi. Hakuna polisi wala maiti ya kuchunguzwa. Bado nakihesabu kitabu cha siri, tena ndicho chenye fumbo lililofungwa vizuri kuliko vyote vinne.

Analala wapi usiku wa kwanza?

Wazee walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Mimi nimeigeuza methali hiyo kuwa kipimo cha riwaya za mtu aliyerudi. Kabla sijauliza nani kaua, nauliza aliyerudi kalazwa wapi. Ukishajua kitanda chake kiko kwa nani, umejua siri itamgusa mwilini au itapita pembeni.

Falk analala chumba cha kupanga juu ya baa. Nyumba yao si yao tena, na Kiewarra hakuna ndugu wa kumkaribisha. Kila siku anasema kesho naondoka, na kweli angeweza: begi moja, funguo za gari, kwaheri. Watu wa mji wanalichora gari lake matusi kumkumbusha hivyo hivyo. Kwa msomaji hii ni faida, maana unapata hadithi ya uchunguzi iliyo safi, mtu yuko nje na ndani kwa wakati mmoja. Lakini ila za nyumba hazionekani kutoka juu ya baa. Siri za Kiewarra ni za majirani zaidi kuliko za ukoo wake mwenyewe, na aliyeniomba siri ya ukoo atapata nusu.

Camille analala kwa mama yake, kwenye chumba chake cha utotoni. Hapo ndipo kitabu kinapokukaba. Adora, mama mtu, ndiye mwenye biashara kubwa ya nguruwe inayoulisha mji. Kwa hiyo nusu ya mji inamtegemea na nusu nyingine inamwogopa. Ni mama wa "watu watasemaje". Binti akiandika habari za mauaji, shida ya mama si mauaji, ni aibu. Akikasirika anajinyofoa kope. Tena ndani ya nyumba hiyo kuna chumba cha binti mwingine aliyekufa zamani akiwa mdogo, na hakuna anayemtaja kwa sauti ya kawaida.

Nikupe vitu viwili vya kutazama bila kukuharibia. Cha kwanza ni kinyumba cha wanasesere cha yule mdogo mtu, Amma. Ni nakala ya nyumba yao, chumba kwa chumba, zulia kwa zulia, na Amma anagombana na wauzaji kitambaa kikipishana rangi kidogo. Cha pili ni sakafu ya chumba cha Adora. Ni ya pembe za ndovu. Mimi ni mtu wa pwani, nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Pembe zilizoshuka kwa misafara mpaka Bagamoyo na kuvuka Zanzibar karne ya 19 nyingi zilikwenda Marekani, zikachongwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Hapa mwandishi kazitandika chini ya miguu ya mwanamke mmoja, na watoto wake wanakatazwa kuzikanyaga. Sidhani Flynn alikuwa anatuwazia sisi. Mimi nilijiwazia.

Ajany analala kwenye nyumba inayoanguka. Inaitwa Wuoth Ogik, yaani kwa Kijaluo safari imeishia hapa. Baba yake, Nyipir, aliijenga familia humo mbali na kila mtu, na mtu akiishi mbali na kila mtu jiulize anamkimbia nani. Jeneza linafika, mama, Akai, anamtazama mwanawe, halafu anaingia kwenye gari anaondoka zake. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Sisi tumezoea msiba wenye mkeka, chai ya tangawizi, kina mama wa jirani wakipokezana sufuria. Msiba huu hauna mkeka. Baba anapanga mawe ya kaburi, binti hana pa kuweka mikono, na mgeni Mwingereza anagonga mlango anauliza habari za baba yake.

Kwa Salim swali lenyewe linageuka. Alipolala yeye si muhimu. Muhimu ni kwamba baba hakulala nyumbani. Kila siku mama anapika, anatia chakula kwenye kapu, anampelekea yule mume aliyehama, anarudi na vyombo vya jana. Baadaye kapu hilo anabeba mtoto. Kama umekulia kwenye mtaa wa mji wa pwani unajua uzito wa kapu hilo: mtaa mzima unaliona likipita, mtaa mzima una maelezo yake, na wewe mtoto peke yako ndiye huna. Mke aliyeachwa hapiki. Mke mwenye hasira hapeleki. Basi huyu anapeleka kwa nini? Gurnah anakuacha na swali hilo karibu kitabu kizima.

Siri inatokaje?

Hapa ndipo vitabu hivi vinapoachana kabisa, na kama una haraka soma sehemu hii peke yake.

The Dry kinatoa siri kama karani anayekagua daftari la duka. Falk kazoea hesabu za watu wanaoficha pesa, na anapomsaidia sajini mpya wa pale, Raco, anatafuta ile safu isiyolingana: nani alisema yuko wapi, simu ilipigwa saa ngapi, risasi zilikuwa za aina gani. Kuna uongo mmoja wa zamani unaoning'inia juu ya yote. Falk na Luke walidai siku ile ya mtoni walikuwa pamoja wakiwinda sungura, na hawakuwa pamoja. Mwandishi anakuwekea dalili mezani kwa haki. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikazikuta zote, nimezipita kama mtu anayepita duka analolijua. Maswali yote mawili, la juzi na la miaka 20, yanajibiwa. Lawama yangu ni moja. Mara kwa mara hadithi inarudi nyuma kwa maandishi ya mlazo na kutuonyesha mambo ambayo Falk hakuyaona wala hakuambiwa na mtu. Msomaji anapewa moja kwa moja kile mpelelezi anachokitolea jasho. Wengine wanapenda. Mimi nahisi mtu kaninong'oneza majibu ya mtihani.

Ukame wenyewe ndio shahidi mkubwa humo. Miaka miwili mvua haijanyesha sawasawa, mifugo inapigwa risasi kwa kukosa malisho, kila familia inadaiwa. Falk anaposhuka kuutazama ule mto wa utotoni, anasubiri kuusikia kabla hajauona, kama zamani. Anafika ukingoni: vumbi. Mkulima yeyote wa Dodoma au Kitui ataielewa Kiewarra bila mkalimani, hata kama hajui Australia iko upande gani.

Sharp Objects kinatoa siri kwa mdomo na kwa mwili. Camille ni mwandishi wa habari, anakwenda nyumba kwa nyumba, anapewa keki na vinywaji, watu wanamwambia uongo wa adabu. Lakini yeye mwenyewe ni daftari. Kwa miaka alijikata maneno kwenye ngozi, mwili mzima, ndiyo maana katikati ya joto la Wind Gap anavaa mikono mirefu. Mtu akisema jambo fulani, neno fulani mwilini linaanza kuwaka. Hii si mbwembwe ya mwandishi. Ni njia ya kusema kwamba katika nyumba ile kilichokatazwa kusemwa kilitafuta mahali pengine pa kuandikwa.

Dust hakitoi siri, kinaivuja. Kila mtu humo anajua kipande na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kusema. Nyipir alikuwa polisi wakati wa mkoloni, yaani alikuwepo kwenye mambo ambayo serikali mbili zilipenda yasahauliwe. Baba yake na kaka yake walichukuliwa vita kuu ya pili, wakaenda Burma na hawakurudi. Yeye kabaki na ndoto ya kwenda Burma kuwatafuta. Wangapi tuna babu wa keya, askari wa jeshi la mkoloni, ambaye jina lake linatajwa harusini halafu mazungumzo yanahamia kwingine? Kisha kuna 1969, mwaka waziri Tom Mboya alipopigwa risasi mchana kweupe Nairobi. Owuor anachukua ukimya wa nyumba moja na ukimya wa nchi nzima anavisuka pamoja, mpaka huwezi kuuliza "Odidi kafa vipi" bila kuuliza "Kenya ilizikaje watu wake". Anayetaka mpelelezi atachoka. Anayetoka kwenye familia ambamo redio huongezwa sauti jina fulani likitajwa, atasoma kama anasoma barua yake.

Gravel Heart kinatoa siri kwa namna ya zamani kuliko zote: mtu mzima anakaa chini na kusimulia. Salim anarudi, baba yupo, mzee sasa, na usiku baada ya usiku anamwambia. Hakuna kukamatwa kwa mtu wala mbio za gari. Ni sauti tu ya baba kwenye chumba, na mtoto aliyekwishaota mvi za Ulaya akisikiliza kama wa miaka saba. Miaka yote ile ya London, Salim alikuwa anamwandikia mama barua, nyingi hazikutumwa. Ukifika kwa baba unaelewa kwamba nyumba nzima ilikuwa ya watu wanaoandika wasichotuma. Jina la kitabu, kwa taarifa yako, limetoka kwenye tamthilia ya Shakespeare. Usiulize ni ipi kabla hujamaliza. Ukiijua tamthilia hiyo utaiotea siri ukurasa wa hamsini, na itakuwa hasara.

Lugha na pumzi

Kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, The Dry ndicho chepesi. Harper alikuwa mwandishi wa magazeti na inaonekana: sentensi fupi, sura fupi, kila sura inaishia na mlango ulioachwa wazi. Ukiingia nacho basi la Songea, Makambako umeshajua muuaji.

Sharp Objects ni chembamba zaidi, kurasa kama 250, na Kiingereza chake si kigumu, ila ni kikali. Mzaha wake ni wa mtu anayecheka ili asilie. Utakisoma haraka halafu utataka kunawa.

Gravel Heart kina Kiingereza kilichotulia, na kwa mtu wa kwetu chini yake kuna Kiswahili kinachosikika. Watu wanasalimiana, wanakwepa, wanapeana heshima kwa mpangilio tunaoujua. Sehemu ya kati, London na Brighton, inakwenda pole. Kuna jioni niliikasirikia. Vyumba vya kupanga, kazi ndogo ndogo, mapenzi yasiyoshika. Vumilia. Bila uchovu ule, sauti ya baba mwishoni isingekuwa na mahali pa kutua.

Dust ni kigumu, nisidanganye. Sentensi zinakatika. Wakati unaruka mbele na nyuma bila kubisha hodi, na majina yanarundikana kurasa za mwanzo. Mara ya kwanza nilikiacha kurasa za sitini, nikakirudia mwaka uliofuata nikiwa na kalamu, nikaandika nyuma ya jalada nani ni mtoto wa nani. Baada ya hapo kilifunguka. Zawadi ya Jomo Kenyatta ya mwaka 2015 haikukipata kwa bahati, na mwandishi wake alikuwa keshachukua ile ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2003. Lakini si kitabu cha kwenye basi. Ni cha wiki mbili, meza, na nyumba iliyotulia.

Nani asisome kipi

Hili halizungumzwi vya kutosha tunapopendekezeana vitabu. Sharp Objects kina kujikata, kina ukatili kwa watoto, kina maiti za watoto zilizong'olewa meno. Mtu ambaye aliwahi kujiumiza, au anayemuuguza mtoto, usimpe eti kwa sababu kinasisimua. Nilimwazima jirani yangu bila kumwonya, akakirudisha siku ya pili kimefungwa kwenye mfuko wa rambo, akaniambia tu, "Dada, hapana." Alikuwa na haki. Aliyefiwa karibuni na ndugu aliyepigwa risasi asianze na Dust. Kurasa za mwanzo zinakimbia na Odidi mpaka mwisho wake. The Dry nacho kinafungua na inzi juu ya maiti, ila baada ya hapo kinakushika mkono.

Kuhusu mwisho: Sharp Objects kinamaliza mbio mbio. Jambo zito kuliko yote linasemwa katika kurasa chache kama mtu anayetaka kuwahi daladala. Naona ni kasoro, ingawa wapo wanaosema kofi halihitaji hotuba. Gravel Heart kinamaliza kimya. Dust kinamaliza kwa watu kutembea kila mmoja na njia yake, na wewe hujui kama umefarijiwa au umeachwa.

Ukitaka kutazama badala ya kusoma

Viwili vina picha. The Dry ilitengenezwa filamu na Robert Connolly, Eric Bana ndiye Falk, na ile ardhi iliyopasuka ukiiona kwenye skrini koo linakauka. Sharp Objects ilikuwa tamthilia ya televisheni ya HBO ya Marekani mwaka 2018, sehemu nane, Amy Adams akiwa Camille na Patricia Clarkson akiwa mama. Kwa maoni yangu hii ya pili imekipita kitabu katika jambo moja: joto. Unaona feni inazunguka na watu hawapoi. Ila ukimaliza sehemu ya nane usizime majina yanapoanza kupita. Baki hapo.

Na kama Falk akikushika, ana vingine viwili mbele, Force of Nature cha 2017 na Exiles cha 2022, kila kimoja na kesi yake. Vile vitatu vingine vinasimama peke yake.

Kuna atakayeniuliza: na Kiswahili chetu? Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum tunao tangu Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Fitina za koo na mali zimo, na Kiswahili chake ni raha tupu. Ila Bwana Msa ni mpelelezi, anaingia nyumba za watu kisha anatoka na akili zake timamu. Leo nilikuwa naombwa yule anayerudi kwao. Ukitaka fumbo lenyewe tu, anza na Bwana Msa uviache hivi vyote.

Basi, kipi?

Unataka jina la muuaji, usiku mmoja au safari moja, bila kuachwa na donda: The Dry. Umetoka kwenye nyumba ambayo mama ndiye hali ya hewa, na una kifua cha kuvumilia: Sharp Objects, lakini mchana, na si peke yako. Unataka kuelewa kwa nini wazee wako hawazungumzii miaka fulani, na una muda: Dust. Unarudi kwenu kweli, kwa miguu yako, na hujui utamwambia nini mtu ambaye hamkuaga: Gravel Heart.

Kama ningelazimishwa kuokoa kimoja nyumba ikiungua ningebeba Dust, kwa sababu kina mambo ambayo bado sijayamaliza. Kama ningelazimishwa kumpa mtu ambaye hajasoma riwaya tangu shule, ningempa The Dry bila kufikiri mara mbili. Lakini aliyeniuliza alikuwa anakwenda Songea kwenye arobaini, baada ya miaka 11, na kwao kuna shangazi ambaye jina lake sijawahi kumsikia akilitaja mara mbili. Kwa hiyo nilimpelekea Gravel Heart stendi, saa kumi na moja kasoro, pamoja na maandazi.

Mchana nikapata ujumbe kutoka Mafinga: "Huyu mama kila siku anampelekea chakula, na hawaishi pamoja?"

Nikamjibu: "Endelea."

Jioni, wanakaribia Njombe, ukaja mwingine: "Jirani yangu kwenye siti naye anataka kujua. Namsomea kwa Kiswahili. Na wa nyuma yetu wanasema niongeze sauti."